Siku Nilipotangaza Kifo cha Bi Božena

Jumapili ya tarehe mbili Novemba, mwaka jana, asubuhi, nilikuwa nateremka kwenye gari mbele ya geti letu pale Kensington, Johannesburg, nimevaa baibui jeusi lililokunjamana, macho mazito kwa kukesha, na mkononi nimeshika sufuria tupu yenye harufu ya pilau. Nayataja haya kwa sababu watu wamenicheka sana tangu siku ile, na kila anayenicheka huongeza lake, hata nimesikia ikisimuliwa Jeppestown kwamba nilikwisha kuagiza na kaburi lichimbwe. Kaburi sikuagiza. Yaliyobaki karibu yote ni kweli, na kwa kuwa aibu ni yangu, nimeona afadhali niisimulie mwenyewe, ili wale waliocheka wajue pia kile ambacho hakichekeshi.

Kwanza mnijue. Naitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Tanga, mkutubi katika chuo kimoja cha hapa Johannesburg, mwanamke wa makamo ambaye hadi siku ile alijivunia mambo mawili: kabati lake la vitabu na namna anavyoandika taarifa ya msiba. (Msicheke bado.) Sisi Watanzania wa mji huu tuna chama chetu cha kuzikana, na mimi nilikuwa katibu wake. Mtu akifariki, awe muuza duka wa Diepsloot au fundi cherehani wa Jeppestown, simu ya kwanza hupigwa kwa mwenyekiti na ya pili kwangu, na kabla chai yangu haijapoa taarifa huwa imekwisha kuwafikia wanachama wote pamoja na jamaa wa marehemu kule nyumbani, imeandikwa kwa Kiswahili kilichonyooka: jina kamili, mahali pa kukusanyika, nani alete turubai na nani alete mchele. Watu walikuwa wakisema kwamba taarifa zangu zinafariji.

Kazi hiyo niliipenda kwa sababu yangu mwenyewe. Mama yangu alifariki Tanga nikiwa huku, na kwa kuwa kila ndugu alidhani mwenzake ameshaniambia, habari ilinifikia mama amekwisha kuzikwa (sisi maiti hatumlazi), na nilipopiga hesabu niligundua kwamba saa waliyokuwa wakimteremsha kaburini mimi nilikuwa dukani nachagua mapazia. Mapazia yale sijayatundika hadi leo. Ndipo nilipojiapia kwamba mtu yeyote ambaye habari ya msiba wake itapitia mikononi mwangu hatachelewa kuipata. Niliapa juu ya kuchelewa. Juu ya kuwahi mno sikuwaza.

Bi Božena ndiye mwenye nyumba yangu. Yeye anakaa nyumba kubwa ya mbele, na mimi nimepanga nyumba ndogo ya uani. Ni Mcheki, aliyekuja huku akiwa binti na mumewe mhandisi, mwaka ule vifaru vya kigeni vilipoingia nchini kwao, wakidhani watakaa kidogo tu. Mume alikwisha kufariki, watoto hawakujaliwa, na sasa yeye ana miaka themanini na mmoja. Wa damu yake waliobaki ni wawili: dada yake mkubwa, Ludmila, na binti wa dada huyo, Hana, ambaye ni mwalimu. Wanaishi pamoja katika kijiji walichozaliwa, kando ya mto mmoja mdogo uitwao Doubrava.

Mto huo sijawahi kuuona kwa macho, lakini nadhani naweza kuusimulia vizuri kuliko Pangani. Bi Božena alikuwa akiusimulia kila tulipokaa barazani na chai, bila kuupamba, kwa sababu alisema hauna cha kupamba: ni mto ambao pengi unavuka umeshika viatu mkononi. Unaanzia kwenye misitu ya majimaji, unapita Ždírec na Bílek, unajibana kati ya majabali kabla ya Chotěboř (huko ndiko unakopiga kelele peke yake), unatulia Libice, unazuiwa na bwawa la Pařížov, unapita Ronov, unazunguka chini ya kasri la Žleby, unafika Žehušice ambako kuna kulungu weupe, kisha pale Záboří unaingia katika mto mkubwa wa Labe na habari zake zinakwisha. "Mto wetu," aliniambia siku moja, "haujapata kufika baharini kwa jina lake mwenyewe." Aliyataja majina hayo kwa mfuatano, taratibu, kama mtu anayevuta uradi, na mimi nikayashika.

Kila Jumapili asubuhi Hana alipiga simu na kuwakutanisha ndugu hawa wawili. Nilizoea kusikia sauti ya Bi Božena ikipita dirishani, lugha nisiyoijua, kicheko ninachokijua. Niliwahi kumuuliza wanazungumza nini muda wote huo. "Hatuzungumzi kitu," alisema. "Namuuliza mto ukoje leo, ananiambia. Namuuliza nani amekufa, ananiambia. Tunanyamaza kidogo. Kisha tunaanza tena." Ludmila alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu, alisahau kama amekula, alisahau jina la mumewe, lakini ikifika Jumapili alijipeleka mwenyewe kwenye kiti cha karibu na simu, nywele zimechanwa, akasubiri. Bi Božena hakuwa na uwezo tena wa kusafiri mbali kiasi kile. Simu hiyo ndiyo iliyokuwa imebaki kati yao, na zaidi ya hiyo hapakuwa na kitu.

Sasa turudi getini. Nilikuwa natoka Diepsloot kwenye msiba wa kweli, wa mwanachama wetu mmoja, ambako tulikesha na kuzika na kulisha watu, kwa hiyo kichwa changu kilikuwa bado kiko msibani. Aliyenifungulia ni Espoir, mlinzi wa mtaa wetu, kijana wa Bukavu mwenye adabu nyingi.

"Karibu, Mama Mwana," alisema, akavua kofia. "Lakini huku si muzuri. Ile mzee wetu, asubui ya mapema, ambulance ilikuya kumubeba."

"Amefanya nini?"

"Sijuwe, mama. Walimutosha inje na blanketi mupaka hapa." Akapitisha mkono juu ya utosi wake.

"Mpaka kichwani, Espoir? Hata uso hukuuona?"

"Hata uso, mama. Eish. Mimi nilisimama tu, nikafanya alama ya musalaba."

Ufunguo wa nyumba kubwa ninao siku zote. Nikaingia, sufuria bado mkononi. Sebuleni pazia limefungwa, na juu ya kabati la vyombo kuna mishumaa minne ndani ya vikombe vya kioo chekundu, yote inawaka, maua ya manjano yamepangwa pembeni, na katikati, ndani ya fremu, picha ya Bi Božena mwenyewe, kitambaa kichwani, anatazama upande kama alivyozoea kutazama asiyemwamini. Mpangilio ule niliuelewa mara moja. (Hilo ndilo tatizo la mtu aliyezoea misiba: kila anachokiona anakielewa mara moja.) Nikasema moyoni: kumbe kuna jirani Mcheki aliyefika kabla yangu akafanya wanavyofanya kwao.

Nilijaribu kupiga hospitali, nakiri kwa kujitetea. Mbili. Zote zikanipigia muziki. Nikapiga simu ya Bi Božena, ikalia chumbani kwake, juu ya kitanda kisichotandikwa. Nikaketi pembeni ya kitanda hicho, nikalia kidogo, maana nilimpenda. Na nikiwa bado nalia, simu ile ile ikaanza kuita tena mkononi mwangu, jina likaandikika: Hana.

Ningeiacha iite. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi, nikiwa kazini, nikiwa nimesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nasubiri kuvuka, na kila mara naona jinsi ilivyokuwa rahisi: ningeiacha iite, wangedhani yuko bafuni, wangepiga baadaye. Lakini nikamkumbuka mama yangu na mapazia. Nikapokea.

Hana alianza kwa Kicheki, kwa furaha. Nikamkatiza kwa Kiingereza, kwa ile sauti yangu ya katibu, nzito na iliyopangika. "Hana, ni mimi Mwanaidi, mpangaji wa mamako mdogo. Uko na mama? Kaa kwanza."

"Nimekaa. Kuna nini?"

"Nasikitika kukuarifu kwamba Bi Božena ametutoka alfajiri ya leo." Na kwa kuwa hivyo ndivyo ninavyoandika siku zote, nikaongeza: "Kwa utulivu."

Kwa utulivu! Nani aliniambia? Nilikuwepo? Nikasikia Hana akisema maneno machache kwa lugha yao, taratibu sana, na nyuma yake ikatoka sauti ya mtu mzee, si kilio hasa, kama mtu aliyebeba kitu kizito akakitua vibaya. Kisha Hana akarudi, akasema jambo ambalo hunichoma kuliko matusi yote ambayo angeweza kunitukana: "Asante kwa kutuambia mapema."

Nilipokata simu nilijisikia, Mungu anisamehe, kwamba nimefanya kazi yangu vizuri.

Kutoka hapo mambo yakateremka yenyewe. Niliandika taarifa kwa wanachama. Mwenyekiti wetu, Mzee Shomari, ambaye ni wa Tanga kama mimi, akapiga papo hapo. "Katibu, huyu bibi si mwanachama."

"Najua, mwenyekiti. Lakini hana mtu hapa. Mume hana, mtoto hana, na jamaa zake wako mbali."

Akafikiri. "Kama hana mtu," alisema, "basi ana sisi. Turubai liko wapi?"

"Bado liko Diepsloot."

"Likunjwe lije."

Likaja, na adhuhuri lilikuwa limesimama uani, linaziba dirisha langu. Yakaja mabusati, viti, sufuria, na Bi Tatu, mpishi wetu wa misiba, ambaye anaishi Jeppestown na hakuwahi kumwona Bi Božena maishani mwake, lakini aliingia analia kwa haki kabisa. Espoir naye aliwaarifu watu wa kanisa lao, na akina mama wa Kikongomani wakafika wamefunga vitenge vya sare, wanaimba kwa sauti tatu mpaka majirani wakatoka nje. Kukazuka ubishi mdogo kuhusu nani atangulie, maana huku kuna misahafu na huku kuna nyimbo na marehemu hakuwa wa upande wowote tuliokuwa na uhakika nao. Mzee Shomari akaamua: "Wao waimbe, sisi tusome. Mwenyezi Mungu atapanga mwenyewe." Mimi nilikuwa natembea katikati ya watu na karatasi yangu, nikipokea pole.

Hapo ndipo teksi iliposimama nje. Sikuiona, nilikuwa jikoni natafuta vijiko. Haya niliyasimuliwa na waliokuwa uani. Alishuka bibi mmoja wa Kizungu, amevaa gauni la kulalia na koti la hospitali juu yake, mkono wa kushoto umefungwa plasta, akalipenya turubai, akasimama mbele ya sufuria la pilau na kuuliza kwa Kiingereza, kwa upole:

"Samahani. Nani amefariki?"

Bi Tatu hakuinua uso. Alikuwa anapakua. "Mwenye nyumba hii, mama. Bibi wa Kizungu. Pole sana. Kaa hapo, usisimame na mkono huo." Akamshikisha sahani.

Nilitoka na vijiko vyangu nikamkuta Bi Božena ameketi kwenye kiti cha plastiki, sahani magotini, anawatazama akina mama wakimwimbia. Vijiko vikaanguka vyote. Espoir, aliyekuwa anapanga maji ya chupa, aligeuka kwa ule mlio, akamwona, akasema "Jésus!" na kukimbia mpaka barabarani, na nyimbo zikafa moja moja, sauti ya tatu ikawa ya mwisho.

"Mwanaidi," alisema, "mimi ndiye?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akacheka. Wallahi alicheka, mpaka akaushika mkono wake uliovunjika. Alikuwa amezirai bafuni usiku akaangukia mkono, akaita ambulance mwenyewe, na blanketi alijivutia mwenyewe mpaka kichwani kwa sababu aliona aibu majirani wamwone na gauni la kulalia. Simu akaisahau kitandani. Mishumaa? Tarehe ile ndiyo siku yao ya kuwawashia marehemu mishumaa makaburini, na kwa kuwa makaburi yake yako mbali huiwasha kabatini tangu jioni ya kuamkia siku hiyo, mishumaa ile ya vikombe inayowaka siku nzima na usiku wake. Na picha ni ya mama yake mzazi. "Sote tuna uso mmoja," alisema, "mama, mimi na Ludmila." Nilikuwa na miaka miwili tu katika nyumba ile, na Novemba iliyotangulia nilikuwa likizo Tanga, kwa hiyo desturi hiyo sikuijua.

Watu wakaanza kupumua. Mzee Shomari akanisogelea, akaninong'oneza: "Katibu, sasa hii inaandikwaje? Marekebisho? Kanusho?" Na katika kundi la simu, mtu ambaye sitamtaja alikuwa amekwisha kuandika: *Katibu, mimi nina mafua tu, tafadhali nisubiri kidogo.* Bi Tatu alimpigia Bi Božena magoti kuomba radhi, naye akamjibu kwamba pilau ni zuri na angependa kuongezewa. Kisha akatazama turubai, mabusati, wale watu wote wasiomjua, akasema kwa sauti ya chini, kama anajisemea: "Nilidhani nitazikwa na mchungaji na dereva."

Laiti mkasa ungeishia hapo. Ningeusimulia kila harusi.

Lakini aliifuta midomo, akaniangalia, akauliza: "Leo ni Jumapili. Ludmila alipiga?"

Nikainama kuokota vijiko.

"Mwanaidi. Ulipokea?"

Nimesimama mbele ya watu wengi maishani mwangu, nimefundisha, nimehutubia. Sikuwahi kuona uso wa mtu ukizeeka nikiuangalia. Akasimama, akaenda ndani, nami nikamfuata na ile simu, na nyuma yetu watu wakaanza kukunja mabusati kimya kimya bila kuambiwa.

Hana alipopokea na kuisikia sauti ya Bi Božena alipiga ukelele, kisha akalia, kisha akanitaka mimi, nami nikaisikiliza hasira yake yote bila kujitetea. Tangu nilipompa habari, alisema, walikwenda makaburini kama kila mwaka, safari hii na mshumaa mmoja wa ziada, na kwa kuwa ndiyo siku ambayo kijiji kizima kiko makaburini, kila aliyepita aliuliza huo ni wa nani. Kengele ya kanisa ikapigwa. Kule kwao vijiji vina vipaza sauti kwenye nguzo za barabarani vya kutangazia mambo ya kijiji, na jina la Božena likatangazwa hapo, baada ya muziki wa taratibu. Waliokuja kuzuru makaburi kutoka Chotěboř wakarudi nayo Chotěboř, wengine Libice, na mchana alipigiwa simu ya pole kutoka Ronov na nyingine kutoka Žleby, zote za wazee waliosoma darasa moja na marehemu. Habari yangu ilikuwa imeteremka na mto ule wote, mji kwa mji, kwa mfuatano ule ule niliofundishwa barazani.

"Mpe Ludmila," Bi Božena alisema. "Mpe tu, atanisikia."

Simu iliwekwa sauti wazi, kwa hiyo nilisikia. Bi Božena aliita jina la dada yake, mara mbili, kwa ule upole wa kila Jumapili. Sauti ya mzee upande wa pili ikasema kitu kwa kutetemeka, simu ikaanguka, na Hana akasikika akihangaika naye.

"Amesema nini?" nikauliza.

Bi Božena alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Amesema: nenda kapumzike, mdogo wangu, usihangaike kwa ajili yangu."

Walijaribu kesho yake. Walijaribu Jumapili iliyofuata, na iliyofuata. Walimwonyesha picha ya video. Akajifunika uso kwa aproni. Daktari wao alimweleza Hana kwamba akili ya namna ile husahau jambo jepesi na kulishika lile lililoingia kwa kishindo, na kwamba habari ya kifo, mshumaa, kengele, vyote kwa siku moja, vimechimba mahali ambapo maneno hayafiki. Anayesahau kama amekula hakusahau kwamba mdogo wake amekufa. Alikuwa hamkatai, alikuwa anamlilia, na ile sauti ya kwenye simu aliiogopa, kama ambavyo yeyote kati yetu angeiogopa.

Nilijiuzulu ukatibu. Mzee Shomari alinisihi, akasema watu watasahau, na ni kweli, wao watasahau. Jioni moja nilikwenda nyumba kubwa kumwomba Bi Božena msamaha, kwa mara ya kumi sijui, na nikakuta ameketi bila kuwasha taa.

"Usiniombe mimi," alisema. "Mimi sikufa, unaniona. Aliyefiwa ni Ludmila. Muombe yeye."

"Nitamuombaje, naye haamini?"

"Omba hivyo hivyo."

Ni yeye pia, akishirikiana na Hana, aliyepata njia ya kupita pale nilipobomoa. Siku hizi Jumapili Hana hupiga, lakini hamwiti mama yake. Huiweka simu wazi juu ya meza ya jikoni, nyuma ya bakuli la sukari, na kumwachia mama yake kahawa na maneno. Ludmila huzungumza, tangu msiba anazungumza juu ya mdogo wake kuliko alivyozungumza naye. Na huku Kensington Bi Božena hukaa kitini, simu sikioni, hatamki neno, hata kikohozi hukimeza. Ludmila anasikika, yeye hasikiki. Wiki ya kwanza nilimsikia kupitia dirishani akicheka, halafu akajiziba mdomo ghafla.

Kwa upande wangu nimeweka nadhiri, na anayetaka kunicheka na acheke: sitamtangaza tena mtu amekufa kabla sijauona uso wake, hata akinisubiri nani, hata nikionekana nimechelewa. Kuchelewa kunauma, mimi nakujua. Lakini aliyechelewa kuambiwa huja akaambiwa. Aliyewahishwa uongo sijui anarudishwaje.

Barua ifuatayo niliituma mwishoni mwa Novemba. Niliiandika kwa Kiingereza ili Hana amsomee kwa Kicheki. Hapa naiweka kwa lugha yangu.

*Mpendwa Bi Ludmila,*

*Naitwa Mwanaidi. Ninaishi nyuma ya nyumba ya mdogo wako. Mimi ndiye niliyesema kwamba amefariki. Sikudanganya kwa makusudi, lakini nilichosema hakikuwa kweli, na nilikisema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Naomba unisamehe.*

*Božena yu hai. Alivunjika mkono, sasa unaunga. Asubuhi anakunywa kahawa isiyo na maziwa na kuwagombeza ndege wanaokula mbegu zake za bizari. Koti la kijivu ulilomshonea bado analivaa, ingawa huku ni kiangazi na watu wanamshangaa.*

*Hana ameniambia kwamba huenda usiyaamini haya. Sitakulazimisha. Mimi pia nilifiwa na mama yangu nikiwa mbali, na kwa muda mrefu kila aliyejaribu kuniambia neno nilimwona kama anataka kuninyang'anya kilio changu. Sitakunyang'anya chako. Mtu aliyemlea mdogo wake ana haki ya kumlilia.*

*Nina ombi moja. Jumapili, mkimaliza kahawa, msimulie Hana habari zake. Msimulie alivyokuwa mdogo, mlivyokuwa mkikaa kando ya maji, alivyokuwa mkaidi, hata mabaya yake, usiyaache. Mwambie pia mto ukoje siku hiyo, kama umepanda au umeshuka, kama kumeanza kuganda kingoni. Usiharakishe. Ukichoka nyamaza kidogo, kisha uanze tena.*

*Na ukisimulia, tafadhali, Bi Ludmila, sema kwa sauti. Mahali alipo Božena ni mbali, na masikio yake yameanza kuwa mazito.*

*Wako kwa heshima na majuto,*
*Mwanaidi*